UZI: Biblia ipi isomwe darasani? Ugomvi wa Wakatoliki na Waprotestanti katika shule za umma za Marekani, 1825 hadi 1891

Mzee wa Nyaraka (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Kwenye ule uzi wa dini na elimu kuna mtu kaandika kwamba Biblia ilitolewa shuleni Marekani mwaka 1963 na watu wasioamini Mungu. Kesi ya Schempp ya 1963, ambapo Mahakama Kuu ya Marekani ilizuia usomaji rasmi wa Biblia katika shule za umma, ipo kweli, ila kuanzia hapo ni kuingia uwanjani dakika ya 85 halafu kusimulia mechi. Biblia iligombewa shuleni zaidi ya miaka mia kabla yake, na waliogombana walikuwa Wakristo kwa Wakristo.

Nianze kabla Wakatoliki hawajawa wengi, maana hapo ndipo tego lilipotegwa. Massachusetts ilitunga sheria mwaka 1827 ikizuia shule za umma kununua vitabu vinavyoegemea dhehebu fulani. Mwaka 1837 ikaundwa Bodi ya Elimu ya jimbo, katibu wake wa kwanza Horace Mann, mwanasheria na Muunitaria (Wakristo wasiokubali Utatu). Wakalvini wakamwandama mapema. Mwaka 1838 Frederick Packard, mhariri wa umoja wa shule za Jumapili, alitaka vitabu vyao viingie kwenye maktaba za shule. Mann akakataa: mafundisho yao ya adhabu ya milele yangewakera Wauniversalisti, wanaoamini kila mtu ataokolewa, na hao nao ni walipa kodi.

Basi dini itabaki vipi shuleni bila madhehebu kutoana macho? Jibu la Mann lilikuwa kwamba mwalimu asome Biblia bila maelezo yoyote, afunge kitabu, tafsiri mtoto akaipate nyumbani na kanisani. Wakongregationali, Waunitaria, Wabaptisti na Wamethodisti wangeweza kukaa dawati moja kwa mtindo huo. Ulikuwa mkataba wa amani wa Waprotestanti wao kwa wao. Na kwa kuwa wote walitumia King James, tafsiri ya Kiingereza ya 1611, hakuna aliyejisumbua kuuliza "Biblia ipi?" Wakatoliki walipofika kwa wingi walikuta mkataba umeshatiwa saini, na wakaambiwa hauna upande.

Bunju_Boy

Mkuu, Biblia si Biblia tu? Walikuwa wanakataa nini hasa? Isije ikawa ni ubishi wa jalada.

MamaTumaini

Mwanangu Bunju, jalada halimo kabisa. Tuchukue mtoto wa Kikatoliki wa mwaka 1840 darasani, tuone anakwama wapi.

Kwanza idadi ya vitabu. Biblia yake, Douay (tafsiri ya Kiingereza ya Wakatoliki), ina vitabu 73; aliyopewa na mwalimu ina 66. Hakuna Tobiti, Yudithi, Hekima, Yoshua bin Sira, Baruku wala Wamakabayo wawili, na Esta na Danieli wamepunguzwa. Watu husahau kwamba King James ya 1611 yenyewe ilikuwa na vitabu hivyo, vimewekwa katikati ya maagano mawili. Ni vyama vya Biblia vya karne ya 19 vilivyoacha kuvichapa.

Pili, Zaburi. Douay inafuata hesabu ya Kilatini. Mwalimu akisema "fungueni Zaburi ya 23", wenzake wanasoma "Bwana ndiye mchungaji wangu"; yeye akifungua ya 23 kwenye Douay anakuta zaburi nyingine kabisa, kwa sababu ya mchungaji kwake ni ya 22. Kwa hiyo hata angeruhusiwa kuja na kitabu chake, kusoma kwa kupokezana kusingewezekana.

Tatu, Sala ya Bwana. Waprotestanti wanamalizia "kwa kuwa ufalme ni wako, na nguvu, na utukufu". Mtoto wa Kikatoliki amefundishwa kuishia "utuokoe na yule mwovu". Darasa zima linaendelea, yeye kanyamaza, kila mtu anamwona.

Nne, Amri Kumi, na hapa ndipo fimbo zilipotembea. Kwa Waprotestanti wengi katazo la sanamu za kuchonga ni amri ya pili, inayojitegemea. Wakatoliki wanalihesabu ndani ya amri ya kwanza, kisha mwishoni wanagawa kutamani mke wa jirani na kutamani mali yake kuwa amri mbili. Mtoto anayelazimishwa kukariri "amri ya pili" ya King James anasikia analaumiwa kwa msalaba na picha ya Bikira Maria zilizoko kwao. (Walutheri wanahesabu kama Wakatoliki, hata KKKT. Wengi humu hawajawahi kuliona hilo.)

Tano, hayo maneno "bila maelezo". Douay ilichapwa ikiwa na maelezo pembeni na chini ya ukurasa, maana kwa Mkatoliki Maandiko husomwa na tafsiri ya Kanisa. Kumpa mtoto aya tupu na kumwambia ajitafutie maana, hilo lenyewe ni fundisho la Kiprotestanti. Kwa hiyo kanuni iliyotungwa ili isimuudhi mtu iliwaudhi wao kuliko kanuni nyingine yoyote.

Nami sijagusa vitabu vya kusomea. Kile kitabu cha kwanza cha watoto wa New England kilikuwa na picha ya Mprotestanti John Rogers akichomwa moto huko Smithfield, London, enzi za Malkia Mary, Mkatoliki, mkewe na watoto wakitazama. Mtoto alijifunza herufi na picha hiyo kwa pamoja.

Kipanga77

Mama umefafanua vizuri, lakini mnaipa dini uzito usio wake. Hii ilikuwa vita ya wahamiaji. Njaa ya viazi ilimwaga Waayalandi bandarini, wenyeji wakaogopa ajira na kura zao. Biblia ilikuwa bendera tu.

Mzee wa Nyaraka

Kipanga, tarehe zinakukataa. Njaa ya viazi ilianza 1845. Mgogoro wa New York ni wa 1840, na Philadelphia iliwaka 1844. Waayalandi walikuwepo tayari kwa maelfu na ni kweli walichukiwa, lakini ile njaa haiwezi kusababisha kilichoitangulia.

New York ilianza na pesa. Jimbo lilikuwa na mfuko wa shule, na jijini fedha zake zilikwenda kwa Chama cha Shule za Bure kilichosajiliwa 1805 pamoja na shule za makanisa. Mapema miaka ya 1820 kanisa la Wabaptisti la Bethel likapata ruhusa ya kutumia salio la ruzuku ya walimu kujengea. Chama kikapiga kelele: ukiruhusu hivyo, kanisa litabana mishahara ili salio linone, na majengo yatabaki mali ya kanisa. Hoja hiyo ilikuwa na mashiko. Mwaka 1825 Baraza la Jiji likafuta ruzuku ya shule zote za makanisa. Tazameni basi: sheria iliyokuja kuwabana Wakatoliki ililetwa na ugomvi na Wabaptisti.

Mwaka uliofuata Chama kikajiita Chama cha Shule za Umma. Jina tu hilo. Kilikuwa chama binafsi, wadhamini wake hawakupigiwa kura na wananchi, lakini kilishika karibu fedha zote za shule za jiji.

Januari 1840 Gavana William Seward akapendekeza watoto wa wahamiaji wafundishwe na walimu wenye lugha na imani moja nao. Wakatoliki wakaomba fungu lao. Wayahudi na kanisa moja la Wapresbiteri wa Kiskoti nao wakaleta maombi. Askofu John Hughes alirudi kutoka Ulaya mwezi Julai akashika usukani, na tarehe 29 na 30 Oktoba akasimama mbele ya Baraza la Jiji dhidi ya mawakili wawili wa Chama, Theodore Sedgwick na Hiram Ketchum, na wachungaji wa madhehebu kadhaa waliokuja kuwasaidia. Januari 1841 ombi likaanguka kwa kura 15 kwa 1.

Chama kilijitolea kufuta maneno ya kuudhi vitabuni. Palikuwa na somo juu ya John Huss, mwanamageuzi wa kanisa aliyechomwa moto, lililosema alijikabidhi mikononi mwa "Wakatoliki wadanganyifu". Maneno ya namna hiyo yakapakwa wino. Mnajua mtoto hufanya nini akiona mstari umepakwa wino mweusi.

Hughes akapeleka shauri Albany, kwa wabunge wa jimbo. Siku chache kabla ya uchaguzi wa 1841, katika ukumbi wa Carroll Hall, alitangaza orodha yake ya wagombea: Wademokrasia kumi walioahidi kumuunga mkono, na majina mapya mahali pa wale watatu waliokataa. Orodha ile ilipata kura kama 2,200. Hazikutosha kumpa ushindi mtu wake mwenyewe, ila zilitosha kuwaangusha wale watatu. Hesabu hiyo chama cha Demokrasia waliielewa haraka kuliko mahubiri yoyote. Aprili 1842 mswada wa shule wa Maclay ukapita Seneti ya jimbo kwa kura 13 kwa 12, Seward akausaini. Tarehe 12, siku ya uchaguzi wa jiji, kundi la watu likavunja madirisha ya nyumba ya askofu.

Bunju_Boy

Kwa hiyo askofu alishinda.

Mzee wa Nyaraka

Alishinda nusu, na si nusu aliyoitaka. Sheria iliondoa shule mikononi mwa chama binafsi na kuzipeleka kwa maofisa wanaochaguliwa kata kwa kata. Kata zenye Waayalandi wengi ziliacha kusoma King James, nyingine zikaendelea. Lakini sheria ileile ilikataza fedha kwa shule yoyote yenye mafundisho ya dhehebu. Hughes hakupata hata senti moja. Mwaka 1844 sheria ikaongezewa kifungu: bodi haina mamlaka ya kuondoa Maandiko Matakatifu yanayosomwa bila maelezo. Chama cha Shule za Umma kikajifunga mwaka 1853, na Hughes akageukia kujenga shule zake mwenyewe.

Kipanga77

Sawa, tarehe ya njaa nimeiacha. Ila nipeni Philadelphia, maana pale siasa inaonekana waziwazi.

Novemba 1842 Askofu Francis Kenrick aliwaandikia wasimamizi wa shule za umma. Hakuomba King James iondolewe. Aliomba watoto wa Kikatoliki waruhusiwe kutumia Biblia yao na wasilazimishwe kushiriki nyimbo na sala. Januari 1843 wakamjibu kwamba mtoto ambaye mzazi wake anapinga asilazimishwe, na toleo lolote linaruhusiwa mradi halina maelezo. Mama kashaeleza Douay ilivyochapwa, kwa hiyo ruhusa ilitolewa kwa mkono mmoja ikachukuliwa na mwingine.

Februari 1844 mjumbe wa kamati ya shule huko Kensington, Mkatoliki kwa jina Hugh Clark, alitembelea shule ya wasichana. Mwalimu mkuu alilalamika kwamba kuwatoa nje watoto wa Kikatoliki wakati wa Biblia kunavuruga darasa. Clark akashauri, kama ni vurugu, usomaji usimame kwanza hadi utaratibu upatikane. Ilipofika mitaani ikawa "Wakatoliki wanaifukuza Biblia shuleni." Chama cha Wazawa, chama cha siasa kilichopinga wahamiaji, kikaipata hoja yake.

Tarehe 3 Mei walifanya mkutano katikati ya mtaa wa Waayalandi, wakafukuzwa. Tarehe 6 wakarudi kwa maelfu. Mvua ikawaingiza sokoni, risasi zikaanza, kijana George Shiffler akafa na kugeuzwa shahidi wa Wazawa. Siku mbili zilizofuata nyumba zilichomwa, na tarehe 8 makanisa ya Mtakatifu Mikaeli na Mtakatifu Agostino yakateketea. Julai ikarudiwa Southwark, kwenye kanisa la Mtakatifu Filipo Neri, safari hii kwa mizinga kati ya askari wa jimbo na raia. Jumla ya waliokufa Mei na Julai ni zaidi ya 20.

Kwa nini haikuzimwa mapema? Kensington na Southwark hazikuwa ndani ya mipaka ya jiji. Polisi wa jiji hawakuwa na kazi kule, na sherifu wa kaunti hakuwa na kikosi cha kudumu. Ilibidi akusanye raia wa kumsaidia, na nani akubali kwenda kupigwa risasi bure? Waagustino waliishtaki kaunti wakashinda fidia. Mwaka 1854 vitongoji vyote viliunganishwa na jiji, na zile fujo ni sababu mojawapo iliyotajwa. Sasa niambieni, hapo teolojia iko wapi?

MamaTumaini

Iko Boston, ndugu yangu, mwaka 1859, na hapo hakukuwa na mhamiaji mwenye bunduki. Alikuwepo mtoto.

Mwaka 1855 bunge la Massachusetts lilikuwa limejaa chama cha Know-Nothing, maadui wa wazi wa Wakatoliki. Likaamuru Biblia ya Kiingereza iliyozoeleka isomwe kila siku katika shule za umma. Mwaka huohuo katiba ya jimbo ikarekebishwa kuzuia fedha za umma kwenda shule za madhehebu. Unganisha hayo mawili: shule ya Kikatoliki hailipiwi, na shule inayolipiwa lazima isome King James.

Katika shule ya Eliot, mtaa uliokuwa umejaa Waayalandi, wavulana walikariri Amri Kumi kwa hesabu ya Kiprotestanti. Jumatatu tarehe 14 Machi 1859 Thomas Whall, mtoto wa miaka kama kumi na moja, akakataa. Naibu mwalimu mkuu, McLaurin Cooke, alimchapa viganjani kwa henzirani kama nusu saa mpaka alipokubali. Mamia ya wavulana waliogoma walirudishwa nyumbani. Padre Bernardine Wiget, Mjesuti, ndiye aliyekuwa amewafundisha wasikariri, na baadaye akawafungulia shule. Cooke alishtakiwa kwa shambulio akaachiwa: mahakama iliona adhabu ilikuwa halali kwa kuwa mtoto alivunja amri ya shule. Mwaka 1862 ndipo sheria ya jimbo ikalegezwa, mtoto asilazimishwe kusoma toleo linalopingana na dhamiri ya wazazi wake.

Kipanga, kama ingekuwa ajira na kura tu, kwa nini ugomvi ukae kwenye namba ya amri?

Wakili wa Mtaani

Wakuu, nimesoma kimya. Niweke upande wa sheria, maana kuna mtu atauliza "na Katiba ya Marekani ilikuwa wapi?"

Haikuwepo. Rekebisho la Kwanza la Katiba, linalohusu dini, lilibana Bunge la Marekani, halikubana majimbo. Mahakama Kuu ilisema hivyo kwa kesi ya dini yenyewe mwaka 1845, kesi ya Permoli dhidi ya New Orleans. Kifungu cha kutoanzisha dini ya taifa hakikufungwa kwa majimbo hadi 1947, kesi ya Everson. Kwa miaka mia nzima, mzazi aliyeonewa alikuwa na katiba ya jimbo lake tu.

Na majaji wa majimbo wengi hawakuwa rafiki zake. Ellsworth, Maine, binti wa miaka 15, Bridget Donahoe, alifukuzwa kwa kukataa kusoma King James. Mahakama ya juu ya Maine, 1854: kamati ya shule ndiyo inayochagua vitabu, Biblia ikiwa mojawapo, na kila dhehebu likipewa turufu juu ya kitabu hakuna kitakachobaki. Aliyeitetea kamati ni wakili Richard Henry Dana. Oktoba mwaka huo, Padre John Bapst, aliyewasaidia Wakatoliki wa Ellsworth, alivuliwa nguo, akapakwa lami na kubandikwa manyoya.

Upepo uligeuka Cincinnati. Tarehe 1 Novemba 1869 bodi ya shule ilipiga kura 22 kwa 15 kuondoa usomaji wa Biblia na mafundisho ya dini. Waprotestanti wakaenda mahakamani. Mmoja wa mawakili wa bodi alikuwa Stanley Matthews, Mpresbiteri aliyesimama kutetea Biblia itoke. Marabi Isaac Mayer Wise na Max Lilienthal waliunga mkono bodi. Mahakama ya jiji ikaamua dhidi ya bodi, majaji wawili kwa mmoja. Huyo mmoja, Alphonso Taft, ndiye baba wa rais wa baadaye, William Howard Taft. Mwaka 1873 Mahakama Kuu ya Ohio ikaipa bodi ushindi. Askofu Mkuu wa Kikatoliki John Purcell hakufurahi hata hivyo: shule isiyo na Mungu haikuwa alichokuwa akikitafuta.

Wisconsin ilifika mbali zaidi mwaka 1890, kesi ya Edgerton iliyoletwa na wazazi Wakatoliki. Mahakama ya juu ya jimbo ilisema usomaji wa King James shuleni ni mafundisho ya dhehebu, kwa hiyo katiba inaukataza. Nani sasa aliyeitoa Biblia shuleni?

Bunju_Boy

Hakuna mahali walikaa mezani wakaelewana?

Mzee wa Nyaraka

Palikuwepo. Lowell, Massachusetts, kuanzia miaka ya 1830: mji unalipa walimu wa shule za Waayalandi, walimu wawe Wakatoliki lakini wapimwe na kamati ya mji, vitabu visiwe na matusi kwa upande wowote. Mpango huo ulidumu hadi 1852.

Poughkeepsie, New York, kuanzia 1873, ndio uliosukwa vizuri zaidi. Parokia iliikodisha bodi majengo yake ya shule kwa dola 1 kwa mwaka. Bodi ikalipa matengenezo na mishahara, masista wakaendelea kufundisha wakiwa wafanyakazi wa bodi, na katekisimu ikafundishwa nje ya saa za masomo. Ulivunjika 1898, afisa wa elimu wa jimbo alipokataa masista kufundisha wakiwa wamevaa mavazi ya utawa. Kasoro ya mipango hii ni moja: ilisimama juu ya utu wema wa padre fulani na bodi fulani. Bodi ikibadilika, hakuna sheria ya kushikilia.

Maaskofu hawakusubiri. Mtaguso (mkutano wa maaskofu) wa tatu wa Baltimore, 1884, uliagiza kila parokia isiyo na shule iijenge ndani ya miaka miwili. Wengi hawakuiwahi tarehe hiyo.

Wakili wa Mtaani

Usisahau Blaine. Septemba 1875 Rais Grant alihutubia Des Moines akitaka fedha za umma zisiende shule za madhehebu. Desemba mbunge James Blaine akaleta rekebisho la Katiba. Agosti 1876 lilipita Baraza la Wawakilishi kwa 180 kwa 7. Seneti ilipata 28 kwa 16. Theluthi mbili ya waliopiga kura ilihitaji 30. Likafa kwa kura mbili.

Soma nakala ya Seneti uone: ilikataza fedha kwa shule za madhehebu, halafu ikaongeza kwamba hakuna kitakachochukuliwa kuwa kinazuia kusoma Biblia shuleni. Neno "dhehebu" lilikuwa na maana moja tu kwao, Ukatoliki. Wazo lenyewe halikufa, liliingia katika katiba za majimbo mengi. Majimbo mapya ya 1889, yaani Dakota mbili, Montana na Washington, yalitakiwa kuwa na shule zisizo chini ya dhehebu ndipo yaingie.

Kipanga77

Mama, nimekubali nusu. Lakini umetaja Walutheri wanahesabu amri kama Wakatoliki. Walikuwa upande gani?

MamaTumaini

Walutheri wa Kijerumani, hasa wale wa Sinodi ya Missouri, walikuwa na shule zao tangu mapema, na katekisimu yao ilifundishwa humo kwa Kijerumani. Vita vya King James havikuwagusa sana. Kilichowagusa ni sheria ya Bennett ya Wisconsin ya 1889, iliyotaka masomo ya msingi yafundishwe kwa Kiingereza hata katika shule za makanisa. Hapo Walutheri na Wakatoliki wa Kijerumani, ambao kwa kawaida hawakupigia kura chama kimoja, walimwangusha pamoja Gavana William Hoard katika uchaguzi wa 1890. Sheria ikafutwa 1891.